Tupeni Siku za Kutoboa Grini

Hotuba kwa wanachama, makapteni, kedi (wabeba vifaa vya wachezaji) na watunza viwanja vya gofu, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, makapteni, akina mama wa gofu, kedi, na ninyi ndugu zangu mnaokuwa uwanjani alfajiri kabla umande haujakauka: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie matunzo ya uwanja, lakini nitabaki kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, na kwenye grini nitabaki kwenye kazi moja: kutoboa matundu ya kupitisha hewa, maji na mchanga. Kila mashine ya kutoboa ikipita, malalamiko ni yale yale. Mpira unarukaruka. Mchanga unanata kwenye viatu. Pati, yaani pigo la kuviringisha mpira kwenda shimoni, ya futi 3 uliyoisoma vizuri inapinda dakika ya mwisho. Malalamiko hayo ni ya kweli, na sikuja kumwambia mchezaji kwamba anachokiona hakipo. Nataka tujue pamoja ni kitu gani kinaharibika, kinaharibika kiasi gani na kwa siku ngapi, na tunapata nini badala yake. Klabu ikiyajua hayo, inaweza kupanga. Isipoyajua, inaahirisha mashine kwa sababu ya mashindano, inaahirisha tena kwa sababu ya wageni, na mwisho wa mwaka kila mtu anashangaa kwa nini grini zimekuwa laini na nzito.

Nianze na nyasi zenyewe. Grini za ukanda wetu wa joto zinapandwa zaidi jamii ya ukoka, huu huu unaotambaa kwenye mashamba na kando ya barabara zetu. Asili yake ni Afrika. Kule Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, mtaalamu Glenn Burton na wenzake waliuzalisha ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba kutoka Afrika Kusini, wakapata aina zinazovumilia kukatwa chini sana. Tifgreen ilitolewa mwaka 1956 na Tifdwarf mwaka 1965. Miaka ya 1990 zikafuata aina fupi zaidi, kama Champion na TifEagle, zinazoweza kukatwa hadi milimita 3 na kushuka kidogo chini ya hapo. Tifdwarf inafurahia zaidi milimita 4. Ukoka wa kawaida ukiulazimisha kimo hicho unakonda na kuacha vipara.

Nyasi hizi zina tabia moja inayotawala yote nitakayosema: zinatambaa. Zinapeleka mashina juu ya udongo na mengine chini yake, bila kupumzika, na hasa katika joto la Dar es Salaam ambako hakuna majira ya baridi ya kuzilaza. Mashina ya zamani yanakufa, mapya yanapita juu yake. Udongo wenye hewa una vijidudu vinavyokula mabaki hayo. Lakini grini inakanyagwa kila siku mahali pale pale, kuzunguka shimo, na udongo unashikana. Hewa ikipungua, vijidudu vinazidiwa, na mabaki yanalala chini ya majani kama godoro.

Mchezaji analifahamu tabaka hilo hata kama hajawahi kuliona. Linanyonya maji na kukaa nayo juu, kwa hiyo mpira unaotua unachimba na kuacha kovu. Nyayo za kundi la kwanza zinabaki mpaka kundi la nne lipite. Magurudumu ya mashine ya kukatia yanazama upande mmoja, kisu kinakwangua, na unaona ngozi ya grini imechunika. Mizizi nayo haina haja ya kushuka, maana maji yapo juu, hivyo siku mbili za jua kali la Januari zinatosha kuinyausha. Nimeona makapteni wakiagiza nyasi zikatwe chini zaidi ili mpira ukimbie, wakati tatizo liko sentimita 2 chini ya kisu. Kukata chini hakuliondoi tabaka. Kunazichosha tu nyasi zilizokwisha choka.

Sasa tuje kwenye matundu.

Mashine ya kutoboa hufungwa meno ya aina mbili. Meno ya bomba yana uwazi ndani: yanashuka, yanang'oa kipande cha udongo pamoja na mabaki, na kukitupa juu. Meno mazima yanachoma tu kama msumari, hayatoi kitu, yanasukuma udongo pembeni. Meno mazima yanaingiza hewa na maji kwa muda, na mchezaji karibu hayaoni, lakini yakitumika peke yake bila mchanga hayapunguzi chochote.

Mpira wa gofu kwa sheria una kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Uweke juu ya tundu lenye upana wa milimita 12.5 ambalo halijajazwa, utazama karibu milimita 1. Uweke juu ya tundu la milimita 6, utazama kama milimita 0.2. Tundu la milimita 16 linaumeza zaidi ya milimita 1 na nusu. Upana ukizidi mara mbili, kuzama kunazidi mara nne na ushee. Ndiyo maana tofauti kati ya meno madogo na makubwa ni kubwa kuliko macho yanavyodhani. Na mpira wa pati unayumba zaidi pale unapoelekea kusimama, yaani hatua ya mwisho kabla ya shimo, kwa sababu hauna tena mwendo wa kuruka vikwazo. Mnaposema pati ilikuwa inaingia ikapinda mwishoni, mnaeleza jambo hili hili.

Lakini angalieni upande wa pili. Meno yakiwa na nafasi ya sentimita 5 kwa 5, kila mita ya mraba inapata matundu 400. Kwa meno ya milimita 12.5, hiyo ni karibu asilimia 5 ya uso wa grini. Kwa meno ya milimita 6 ni asilimia 1 na kidogo. Kwa ya milimita 16 ni asilimia 8. Wataalamu wa Marekani kwa miaka mingi wamewashauri watunza grini waguse kati ya asilimia 15 na 20 ya uso kwa mwaka. Anayetaka kufika huko kwa meno madogo pekee, ili wanachama wasinung'unike, itambidi apite zaidi ya mara 12. Anayepita mara moja tu kwa meno ya milimita 12.5 akasema mwaka huu tumetoboa, amefanya robo ya kazi, au theluthi tukimhurumia.

Ni haki niseme kwamba si watafiti wote wanaoyapa meno ya bomba uzito huo. Chuo Kikuu cha Nebraska kililinganisha meno ya bomba na meno mazima na hakikuona tofauti ya maana katika mabaki, mradi kiasi cha mchanga kiwe kile kile. Kilichohesabika ni mchanga. Nyasi zao ni za nchi ya baridi, na huku kwetu ukoka unazalisha mabaki mwaka mzima, kwa hiyo mimi bado nang'ang'ania meno ya bomba mara mbili kwa mwaka. Ila funzo la mchanga nalipokea lote. Tundu lisilojazwa ni hasara tupu: umemwudhi mchezaji, udongo unarudi kujifunga, na tabaka linabaki pale pale.

Basi hesabu ya mchanga. Tundu la milimita 12.5 lenye kina cha sentimita 7.5 linabeba mililita 9. Kwa matundu 400 ni zaidi ya lita 3 na nusu kwa kila mita ya mraba. Grini ya mita za mraba 500 inataka karibu mita za ujazo 1.8 kujaza matundu peke yake. Zidisha kwa grini 18, unapata mita za ujazo 33. Naomba waweka hazina waliopo hapa waandike namba hiyo, kwa sababu mara nyingi bajeti inakuwa na mafuta ya mashine na posho za vibarua, halafu mchanga unaonekana ni jambo la kuokoteza.

Na si kila mchanga. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, usiuguse. Wa mto ni bora, lakini mara nyingi una tope, na punje zake zimechanganyika kutoka unga hadi kokoto. Mnaotaka kupima bila maabara, jazeni chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongezeni maji, tikiseni sana, acheni mpaka kesho. Mkiona tabaka la tope juu ya mchanga, mchanga huo utaziba matundu mliyoyatoboa. Kisha chekecheni. Chama cha Gofu cha Marekani, katika maelekezo yake ya kujenga grini yaliyoanza kutolewa mwaka 1960, kinataka angalau asilimia 60 ya punje ziwe kati ya robo ya milimita na milimita 1. Mkishapata mchanga mzuri, bakini na huo huo. Mchanga mwembamba mwaka huu na mnene mwaka ujao unajenga matabaka, na maji yanasimama kwenye mpaka wa tabaka moja na jingine.

Mpangilio wa kazi siku yenyewe ni huu. Siku kadhaa kabla, nyasi zilishwe mbolea kidogo ili ziwe na nguvu ya kujiponya, na kimo cha kukatia kipandishwe. Grini iwe na unyevu, isiwe imeloa. Toboeni, ondoeni vipande vya udongo kwa reki na koleo mpaka uso uwe safi, kisha tandazeni mchanga mkavu. Neno mkavu nalitilia mkazo, maana wenye maji haushuki. Fagieni huku na huku mpaka matundu yajae hadi juu. Mwagilieni. Pitisheni rola nyepesi. Siku chache za mwanzo katieni mashine ya zamani, kwa sababu mchanga unamaliza makali ya visu. Ndugu zangu fundi wa mashine wanajua machungu ya kusaga kisu upya.

Klabu isiyo na mashine isikate tamaa. Uma wa bustani unafanya kazi ya meno mazima. Uchomeke wima, uutoe wima. Ukiusukuma mpini kuelekea chini ili udongo uinuke, umetengeneza vilima vidogo ambavyo rola itahangaika navyo mwezi mzima.

Kazi inayofuata kwa uzito ni kuchana kwa visu vya wima. Kisu cha unene wa milimita 2, kikipita kila sentimita 2 na nusu, kinagusa asilimia 8 ya uso, sawa na meno ya milimita 16, ila kwa kina kifupi. Faida yake kwa mchezaji ni ya pekee. Ukoka ukiachwa unalala upande mmoja. Kedi wazoefu wanasoma hilo kwa macho: ukitazama grini kutoka upande fulani inang'aa, nyasi zimelala kukukimbia na mpira utakwenda mbio, ukizunguka upande wa pili inaonekana nyeusi, nyasi zinakutazama na mpira utakwama. Pati ya pembeni ndiyo mbaya zaidi, inavutwa bila mteremko wowote. Kuchana kidogo kidogo, kila wiki moja au mbili nyasi zinapokua kwa kasi, kunakata mashina yaliyolala na kuyasimamisha. Mistari inaonekana siku mbili tatu, basi. Mkifuatisha mchanga mwembamba, kama milimita nusu, uso unanyooka na mpira unateleza kwa utulivu. Kuchana kwa kina ni kitu kingine. Kunaacha mifereji, na mpira unafuata mfereji. Huko kuende pamoja na siku za kutoboa, tuumie mara moja.

Wengi watauliza kuhusu kasi ya grini, yaani mpira unakimbia umbali gani juu yake. Kasi inapimwa kwa stimpmita, aliyoibuni Edward Stimpson baada ya kutazama mashindano ya wazi ya Marekani pale kiwanja cha Oakmont mwaka 1935. Ni upao wa inchi 36 wenye kidaka cha kukalia mpira. Unauinua taratibu, ukifika nyuzi kama 20 mpira unajiachia, nawe unapima ulipofika. Mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi, unachukua wastani. Fundi wa alumini wa mtaa wa Gerezani hapa jijini anaweza kuwatengenezea upao wa namna hiyo. Hautakuwa rasmi, lakini utawasaidia kulinganisha grini zenu leo na wiki ijayo, na hilo ndilo mnalolihitaji.

Baada ya kutoboa, kasi inashuka kwa sababu ya mchanga na kwa sababu tumepandisha kimo. Hapo naomba tuwe wapole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliwajaribu wachezaji, wakaona kwamba tofauti ya inchi 6 kwenye stimpmita wengi hawawezi kuitambua. Inchi 6! Na kuna klabu zinagombana na mtunza grini kwa chini ya hapo. Kinachomuumiza mchezaji kweli ni mpira kuyumba, na stimpmita haipimi kuyumba. Pimeni hivi: wekeni upao mita 2 kutoka shimo, achieni mipira 10 kwenye mstari ule ule, hesabuni inayoingia. Fanyeni siku moja kabla ya kutoboa, kisha kila baada ya siku tatu. Bandikeni matokeo pale mlango wa klabu. Mwanachama akiona idadi inapanda, atajua grini inapona, na mwaka ujao atakubali mapema zaidi.

Kupona kunategemea ukubwa wa tundu na jua. Matundu ya milimita 6 yaliyojazwa vizuri yanafunga ndani ya siku chache. Ya milimita 12.5 hadi 16, nyasi zikilishwa na jua likiwepo, yanataka wiki 2 hadi 3. Mbolea ya naitrojeni inaharakisha, lakini ikizidi majani yanakuwa mapana na grini inapungua kasi tena. Rola inasaidia kupandisha kasi siku hiyo hiyo bila kushusha kisu. Isipite grini ikiwa imeloa, maana itashindilia tulichokilegeza.

Kuhusu kalenda, hapa ndipo nawaomba uamuzi. Kalenda za Ulaya hazitufai. Jiji letu lina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Napendekeza kutoboa kukubwa kwa meno ya milimita 16 kuanza wiki ya kwanza ya Februari, jua la kaskazi likiwa kali na ukoka ukiwa na nguvu. Masika yakifika, matundu yamepona juu lakini njia za mchanga chini ziko wazi, na maji yanashuka badala ya kusimama. Kwa viwanja vilivyo karibu na bahari, au vinavyomwagilia kwa visima vya maji yenye chumvi, hili lina uzito wa ziada. Chumvi inajikusanya kwenye mizizi wakati wa kiangazi, na mvua za masika haziwezi kuisukuma chini kama uso umejifunga.

Wakati wa masika yenyewe tusilete meno makubwa. Udongo wenye mfinyanzi ukitobolewa umeloa, kuta za tundu zinapakwa kama zimesiribwa, na tundu halipitishi kitu. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ni mikavu na ya baridi kidogo, ukoka unakua taratibu, na wachezaji wanafurahia hali ya hewa. Hiyo tuwaachie mashindano. Tutachana kidogo na kutandaza mchanga mwembamba tu. Mwishoni mwa Septemba tupite tena kwa meno ya milimita 12.5 kabla ya vuli. Mara nne, katika miezi mingine ya mwaka, meno madogo ya bomba ya milimita 6. Ukijumlisha: 8, na 5, na 4 na nusu, tunapata zaidi ya asilimia 17. Mchezaji atakuwa ameudhika kweli kwa takriban wiki 5 kati ya 52.

Jambo moja kwa wenye mashine: msitoboe kina kile kile kila mwaka. Chini ya ncha za meno udongo unashindiliwa na kujenga sakafu ngumu. Badilisheni kina, na inapowezekana mkodi mashine ya meno marefu ipite chini ya sakafu hiyo.

Nimalizie na sheria, kwa sababu hapa wachezaji wanaadhibiwa bila sababu. Tangu mwaka 2019 Sheria za Gofu zinaruhusu kutengeneza karibu kila kovu kwenye grini, lakini matundu ya kutoboa na mistari ya kuchana si sehemu ya ruhusa hiyo. Usiyafukie kwa mguu wala kwa uma. Mchanga uliolegea juu ya grini unaruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Na mpira ukitulia ndani ya tundu, kamati ina mamlaka ya kutoa nafuu kwa kanuni ya kiwanja iliyoandaliwa tayari, Kanuni ya Mfano E-4: mchezaji anainua mpira na kuuweka mahali pa karibu pa nafuu kamili, pasipo karibu zaidi na shimo. Tundu lililoko tu kwenye mstari wa pati halimpi nafuu. Kanuni hiyo haifanyi kazi mpaka kamati iipitishe. Makapteni, naomba iwe imebandikwa kwenye ubao siku moja kabla mashine haijaingia uwanjani, na kedi wote waelezwe kabla ya mchezo wa kwanza.